Penseli Kabla ya Brashi: Niliyojifunza Nikichora Mlango wa Mji Mkongwe

Ninaandika kwa ajili ya wachoraji wanaoanza kupokea kazi za kulipwa, hasa wale ambao tayari wanaimudu rangi lakini hawajazoea kukaa siku nzima na penseli, rula na kifutio kabla ya kufungua tyubu ya kwanza. Mimi nililazimika kuizoea hatua hiyo katika kazi moja ya rangi za mafuta, picha ya mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe, Unguja, niliyoagizwa na familia inayoishi Muscat. Kazi hiyo ilinila kanvasi nzima pamoja na rangi za zaidi ya laki mbili za Tanzania, na kwa muda ilitikisa imani ya aliyeniagiza. Gharama hiyo yote ingeweza kuepukwa kwa karatasi ya kaki ya shilingi elfu chache.

Aliyeniagiza ni bibi mmoja aliyezaliwa katika nyumba hiyo kabla familia yake haijahamia Oman. Alitaka mlango mkuu uonekane kutoka mbele, na upande wa kushoto uonekane uchochoro alimokuwa akichezea utotoni, pamoja na mlango mdogo wa jirani ulioko ndani ya uchochoro huo. Nyumba bado imesimama, kwa hiyo nilikwenda na simu, nikapiga picha za kutosha, nikarudi nyumbani, nikachora muhtasari moja kwa moja juu ya kanvasi huku nikitazama skrini. Rangi ilitoka vizuri. Chokaa ya ukuta iliyopauka, weusi wa mti mkongwe na mng'ao wa misumari ya shaba vyote vilikaa mahali pake, na kila aliyepita chumbani kwangu alisifu. Kazi ilipokaribia kwisha, nilimtumia bibi picha yake kwa simu. Alikawia kujibu, kisha akanipigia.

"Mwanangu, mlango ni mzuri, Mungu akubariki," aliniambia baada ya salamu, "lakini huu si mlango wetu. Wetu ulikuwa mrefu. Wachukuzi walikuwa wakiingia na magunia vichwani bila kuinama."

Nakiri kwamba niliumia, na moyoni nilibisha. Nilikuwa na picha za mlango wenyewe, na bibi alikuwa akizungumzia kumbukumbu ya utotoni, wakati ambapo kila mlango ni mrefu. Nilirudi Mji Mkongwe na futi ya chuma nikitaka kujihakikishia kwamba niko sahihi. Nilipima kutoka ukingo wa nje wa mwimo mmoja, yaani nguzo ya ubavuni mwa mlango, hadi ukingo wa nje wa mwimo wa pili, nikapata sentimita 190. Kutoka chini hadi juu ya kizingiti cha juu nilipata sentimita 310. Kwa hiyo urefu wa mlango ule ni upana wake mara 1.6 na zaidi kidogo. Nilipoipima picha yangu, nilikuta urefu ni upana mara 1.4 tu. Bibi alikuwa akikumbuka sawasawa.

Sababu yake ni vyema kila anayechora kutoka kwenye simu aielewe. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba, na mtu hawezi kurudi nyuma vya kutosha ili mlango wote uingie kwenye picha, kwa hiyo huinua simu na kuielekeza juu. Simu ikiinuliwa hivyo, miimo miwili huanza kukaribiana kadiri inavyopanda, kizingiti cha juu huonekana chembamba kuliko kilivyo, na mlango mzima hupungua urefu ukilinganishwa na upana. Jicho la mtu aliyesimama pale husahihisha haya bila mwenyewe kujua, lakini jicho la mtu anayetazama skrini nyumbani halina cha kusahihishia. Nami niliongeza kosa langu juu ya kosa la simu, kwani mwimo wa kushoto niliuacha uiname kama ulivyoinama kwenye picha, na ukuta wa kulia niliunyoosha kwa sababu nilijua kwamba kuta husimama wima.

Nilijaribu kuiokoa kanvasi ile. Nilikwangua rangi kwa kisu, nikafuta kwa kitambaa chenye tapentaini, nikapaka rangi ya chini upya, lakini matuta ya nakshi za kwanza yalibaki yakionekana kila mwanga ulipopiga kwa upande. Aidha, rangi ya mafuta huzidi kupenya mwanga kadiri miaka inavyopita, na mistari iliyofichwa chini yake huweza kujitokeza baadaye. Sikuona haki kumpa mteja picha ambayo baada ya miaka ingeonyesha milango miwili, mmoja juu ya mwingine, kwa hiyo nikaiweka kando na kununua kanvasi nyingine.

Kabla ya kuigusa kanvasi mpya nilimwendea mzee mmoja mchoraji ambaye kwa miaka mingi amekuwa akichora majengo ya pwani. Alitazama picha zangu za simu, akaniuliza swali moja: nilipokuwa nikichora, nilikuwa nimeketi au nimesimama? Sikuwa na jibu, kwa kuwa picha nilizipiga nikiwa nimesimama, nimechuchumaa na nimepanda ngazi ya baraza, kisha nikazichanganya zote. Alinieleza kwamba kila picha ina kimo kimoja cha jicho, na kwamba kimo hicho ndicho kinachoamua mwelekeo wa mistari mingine yote inayokwenda mbali. Mistari ya ukuta wa uchochoro iliyo juu ya jicho hushuka kadiri inavyokwenda mbali, iliyo chini ya jicho hupanda, na yote hukutana mahali pamoja kwenye kimo hicho hicho. Mchoraji akichora mlango akiwa ameketi, kisha akachora uchochoro kutoka kwenye picha aliyoipiga akiwa amesimama, anakuwa ameweka vimo viwili katika picha moja, na mtazamaji ataona kuna kitu hakikai sawa hata kama hawezi kukitaja.

Kwa hiyo nilirudi pale na kigoda, kalamu na kaki, nikachagua mahali pamoja pa kuketi na kupaandika. Nikiwa nimeketi, jicho langu lilikuwa kama sentimita 120 kutoka chini, na nikaandika ni safu ipi ya misumari ya shaba iliyokuwa sawa na jicho, ili kila nikirudi nianze kwa kuhakikisha kwamba nimeketi pale pale. Wenyeji wa mtaa walinistahimili sana. Ninamshauri yeyote anayefanya kazi ya namna hii aombe ruhusa kwa wenye nyumba kabla ya kutoa futi, asiguse nakshi kwa chaki wala gundi, na afike asubuhi mapema, wakati mikokoteni na wageni hawajaanza kupita.

Kupima kwa penseli, yaani kuinyoosha penseli mbele ya jicho na kulinganisha kwayo ukubwa wa vitu, ni jambo ambalo wengi wetu tumeliona likifanywa lakini hatulifanyi kwa ukamilifu. Mkono lazima unyooke kabisa, kiwiko kisikunjwe hata kidogo, jicho moja lifumbwe, na mgongo ukae pale pale, kwa kuwa kiwiko kikikunjwa kidogo tu kipimo chote hubadilika. Nilichukua upana wa mlango kuwa kizio changu, nikauhesabu mara ngapi unaingia katika urefu, kisha mara ngapi upana wa baraza unaingia katika upana wa mlango, na kadhalika. Vipimo vya futi vilinisaidia kuthibitisha vile vya penseli. Pale ambapo viwili hivyo havikukubaliana, nilipima tena vyote, sikuchagua kile kilichonipendeza.

Chombo kilichonisaidia kuliko vyote ni timazi ya waashi, ambayo mimi niliitengeneza kwa uzi na nati nzito ya boliti. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na baada ya miaka mingi ya mvua na chumvi kuta zake nyingi hazisimami wima tena. Niliponing'iniza uzi mbele ya jicho langu na kuulinganisha na ukuta wa kulia, niliona ukuta umetoka nje kwa juu, kiasi cha upana wa vidole viwili hivi katika urefu wa mlango. Mwimo wa kushoto, ambao katika picha yangu ya kwanza uliinama, ulikuwa wima kabisa. Tangu siku hiyo huchora kwanza mstari mwembamba wa wima kwenye karatasi, ndipo nichore ukuta kwa kuulinganisha nao. Ukuta unaoinama unapaswa kuchorwa ukiwa umeinama, na hilo ni sehemu ya sura ya nyumba ile, lakini ni lazima uiname kwa kiasi chake na upande wake.

Uchochoro ulikuwa na ugumu mwingine. Mlango wa jirani niliuona kwa upande, na mfaa wake, yaani ule ubao wa kati unaofunika mwanya baina ya mbao mbili za mlango, haukuwa katikati nilipoupima kwa rula kwenye karatasi. Nusu iliyo karibu na mtazamaji huonekana pana, na nusu ya mbali huonekana nyembamba. Mzee alinionyesha njia rahisi ambayo haihitaji hesabu: chora umbo la mlango kama unavyoonekana, unganisha pembe zake kwa mistari miwili inayokatana, na pale inapokatana shusha mstari wa wima. Hapo ndipo mfaa unapokaa. Njia hiyo hiyo inafaa kwa madirisha, kwa meza, na kwa vigae vya sakafu. Vilevile niliacha kuzichora kuta mbili za uchochoro na badala yake nikachora ule mkanda wa anga unaobaki baina ya mapaa yake. Anga haina jina la sehemu wala kitu tunachokijua tangu utoto, kwa hiyo jicho hulazimika kuitazama jinsi ilivyo.

Kwenye nakshi nilikaa muda mrefu zaidi, na sijutii. Jirani wa ghorofa ya mkabala aliniruhusu kupiga picha kupitia dirisha lake, na hiyo ndiyo ikawa picha yangu pekee ya simu iliyopigwa usawa na kizingiti cha juu. Nilichora miraba ya sentimita 5 juu ya kaki. Kipimo cha kazi yangu kilikuwa sentimita 1 kwa kila sentimita 4 za mlango, kwa hiyo kila mraba ulibeba sentimita 20 za mlango wenyewe, na mlango wote ukawa na upana wa sentimita 47.5 na urefu wa sentimita 77.5 kwenye karatasi. Njia ya miraba ni ya kale sana. Katika makaburi ya Misri ya kale ambayo hayakumalizwa bado inaonekana mistari myekundu ya miraba chini ya michoro, na kwa muda mrefu mtu aliyesimama alipangiwa miraba 18 kutoka nyayo hadi mwanzo wa nywele. Mwaka 1435 Leon Battista Alberti wa Italia alieleza matumizi ya kitambaa chepesi chenye nyuzi zilizogawa miraba, ambacho mchoraji alikitazamia kile anachokichora. Ninayataja haya kwa sababu nimewasikia vijana wakisema kwamba kupima ni dalili ya kukosa kipaji. Hapa kwetu fundi wa nakshi mwenyewe haanzi kwa patasi. Huchora kwanza juu ya ubao kwa penseli, rula na bikari, kwa sababu mti ukishakatwa haurudishwi.

Kosa la kawaida katika nakshi ni kuanza na ua la kwanza na kwenda nalo upande mmoja hadi mwisho. Ukifanya hivyo, ua la mwisho hukosa nafasi au hubakiza pengo. Nilianza na mikanda: nilipima mwanzo na mwisho wa kila mkanda wa nakshi, nikahesabu maua ya kila mkanda, nikaweka la katikati, kisha nikagawa pande mbili. Baada ya nafasi zote kupatikana ndipo nilipochora petali. Mnyororo uliochongwa ukingoni mwa miimo niliuchora vivyo hivyo, kwa kuhesabu pete zake kati ya alama mbili badala ya kuzikadiria.

Katikati ya kizingiti cha juu kulikuwa na maandishi ya Kiarabu, kama ilivyo katika milango mingi ya Unguja. Katika picha ya kwanza nilikuwa nimeweka mikunjo inayofanana na herufi tu, na jambo hilo ndilo linaloniumiza zaidi hadi leo kuliko hata urefu wa mlango. Nukta moja ikihama katika Kiarabu, neno hubadilika, na familia iliyoagiza ingesoma upuuzi mahali ambapo babu zao waliandika maneno ya dua. Safari hii nilinakili kila herufi ndani ya miraba yake, kisha nikampelekea mwalimu wa madrasa ausome mchoro wangu bila kumwambia kilichoandikwa mlangoni. Alipata shida katika neno moja, nikarudi kulitazama upya, nikakuta nimeunganisha herufi mbili zisizoungana. Yeyote anayechora maandishi ya lugha asiyoisoma asiache hatua hii.

Mchoro ulipokamilika niliuacha ukutani usiku kucha, kisha asubuhi niliutazama kupitia kioo na baadaye nikaupindua juu chini. Kioo hugeuza kushoto na kulia, na macho yaliyokwisha kuzoea kazi huiona kama mpya. Hapo niligundua kwamba baraza la kulia lilikuwa juu kuliko la kushoto bila sababu yoyote. Ilikuwa kazi ya kifutio tu.

Kuhamisha mchoro kwenye kanvasi kuna mambo yake. Nilisugua mkaa laini nyuma ya kaki, nikaibandika kwa juu tu, nikapitia mistari kwa penseli ngumu, nikiinua upande wa chini mara kwa mara ili kuona kama mstari umehamia. Karatasi ya kaboni haifai, kwa kuwa wino wake una mafuta na huweza kujitokeza juu ya rangi. Penseli nzito nayo huonekana chini ya rangi nyepesi, hasa ya ukuta mweupe. Mistari ya mkaa niliipitia kwa brashi nyembamba yenye rangi ya kahawia iliyozimuliwa kwa tapentaini, nikaiacha ikauke, kisha nikapangusa mkaa uliobaki kwa kitambaa kikavu. Jambo moja la pwani: karatasi hunywa unyevu. Wakati wa masika kaki yangu ilitanuka milimita kadhaa kati ya jioni na asubuhi, kwa hiyo pima tena upana na urefu kabla ya kuhamisha, na ukianza kuhamisha umalize siku hiyo hiyo.

Wapo watakaosema kwamba kazi iliyopimwa hivi huwa kavu. Nami nilikuwa na hofu hiyo. Nilichokikuta ni kwamba mkono wangu ulikuwa huru kuliko katika picha ya kwanza, kwa kuwa sikuhitaji tena kuutafuta mlango kwa brashi. Niliweza kupaka kivuli cha uchochoro kwa mapigo mapana, nikaacha sehemu za nakshi zipotee gizani, na mlango bado ukasimama. Sisemi kwamba kila picha inahitaji haya. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, aliacha mtindo ambao hauhitaji timazi wala kimo cha jicho, na uzuri wake hauna shaka. Lakini mtu anayeagiza picha ya mlango wa nyumba yao anaagiza mlango ule, na majengo yenyewe hayadumu. Sehemu ya Beit el Ajaib, jengo la mwaka 1883 la wakati wa Sultan Barghash, liliporomoka Desemba 2020, na tangu hapo ninaichukulia kila kazi ya Mji Mkongwe kuwa huenda siku moja ikatazamwa na mtu asiyeweza tena kwenda kuuona mlango wenyewe.

Kibiashara nimebadilisha utaratibu. Bei ya mchoro wa awali ninaitaja peke yake na hulipwa kabla ya rangi kununuliwa. Mteja hutumiwa picha ya mchoro pamoja na vipimo, na rangi haianzi hadi aseme ameridhika. Bibi wa Muscat aliuona mchoro akiwa na dada yake, na wakanionyesha kwamba enzi zao pete ya kugongea ilikuwa upande wa pili. Niliiangalia pale mlangoni nikakuta tundu la zamani lililozibwa, nikairudisha pete mahali pake kwa dakika chache. Kama kasoro hiyo ingeonekana juu ya rangi iliyokwisha kukauka, ingetulazimu kubishana juu ya nani alipe.

Kaki usiitupe kazi ikiisha. Ndugu yake bibi aliomba picha ndogo zaidi ya mlango ule ule, na kwa miraba ile ile niliipunguza kwa nusu bila kurudi kupima, nikamtoza bei ya chini. Viringisha karatasi huku mchoro ukiwa upande wa nje, itie ndani ya bomba la plastiki, ziba ncha zote mbili dhidi ya mende, na uandike juu yake kipimo ulichotumia, mahali ulipoketi na kimo cha jicho lako.